Mbuzi Tasa wa Mwenyekiti

Sura ya Sita

Katika jalada la polisi, mbuzi yule aliandikwa kuwa jike. Daktari Anold alimlaza juu ya meza ya saruji nyuma ya kliniki yake ya mifugo mjini Same, akampasua tumbo kwa mkato mmoja, akaingiza mkono na kutoa kitu cha mviringo, kidogo kuliko yai la njiwa. Alikiweka kwenye sahani ya bati mbele ya Mkaguzi Msaidizi wa Polisi, Sabrina Yahaya.

"Korodani," alisema.

Sabrina aliitazama sahani, kisha akalitazama jalada.

"Hapa imeandikwa jike."

"Na aliyeandika hakukosea. Kwa nje ni jike, ingawa ni jike aliyeachwa njiani. Ndani ana korodani mbili mahali palipopaswa kuwa na ovari, na mfuko wake wa uzazi ni mwembamba kama utambi. Huyu asingezaa hata angeletewa mabeberu wa wilaya nzima."

Sabrina alimwomba aeleze kwa maneno ambayo hakimu angeyaelewa. Daktari alinawa mikono, akaeleza. Tumboni mwa mama, kila kitoto cha mbuzi huanza na tezi mbili ambazo bado si za kike wala za kiume. Jeni ndizo zinazoziongoza. Zikiongoza upande mmoja, tezi hizo huwa korodani. Zikiongoza upande wa pili, huwa ovari. Na viungo vingine vyote vya uzazi hufuata uamuzi huo. Kazi hiyo hufanyika mapema, kitoto kikiwa kidogo kuliko kidole gumba. Katika mbuzi huyu, jeni iliyopaswa kujenga ovari ilinyamaza, na korodani zikaota mahali pake.

"Nani aliinyamazisha?"

"Hilo bado sijalijua."

"Dawa iliyotiwa kwenye maji ya kunywa?"

Daktari alisema kwamba dawa inaweza kumtoa mbuzi mimba, kumkausha maziwa au kumuua, lakini ovari iliyokwisha kujengwa haigeuki korodani kwa sababu ya kikombe cha maji. Sabrina alimuuliza kuhusu mama aliyekunywa dawa akiwa na mimba. Hapo daktari alisita. Alisema labda. Kipande cha sikio la mbuzi huyo alikuwa amekwisha kukipeleka siku nyingi kwa mwalimu wake wa chuo huko Morogoro, ambaye alikuwa akisoma jeni kwa mashine, na majibu yangetoka leo hii kwa simu.

Sabrina aliliandika neno labda, akalipigia mstari kwa chuki. Alijua kwamba neno kama hilo, likifika mahakamani, huwa mali ya yeyote anayetaka kulitumia.

Na kulikuwa na watu waliotaka kulitumia. Huko milimani, katika kijiji cha Vungwe, Kikundi cha Wafugaji Mwamko kilikuwa kimemshtaki Beatha, mke wa Asheri, kwa kosa la kuwatilia sumu mbuzi wa maziwa ili wawe tasa, na mbuzi huyu alishushwa Same awe kielelezo. Beatha mwenyewe hakuwa na mtoto, na kwa kikundi kile huo ulikuwa ushahidi wa kutosha. Alasiri hiyo kikundi kingekutana. Kama polisi wangemwona ana hatia, angeshushwa Same kuwekwa mahabusu. Kama wasingemchukua, kikundi kilikuwa kimeazimia kumrudisha kwao Ngujini, upande wa Ugweno, na mumewe alikuwa amekwisha kukubali. Kwa njia yoyote ile, jua lisingezama Beatha akiwa nyumbani kwake.

Malalamiko yao, yaliyosainiwa na Mwenyekiti Nathanaeli, yalijaza kurasa nyingi. Yaliandikwa kwa mwandiko mzuri na akili mbaya.

Konstebo Kurwa, aliyeendesha gari, alikuwa Mpare wa Mwembe na hakuona ajabu yoyote. Walipoacha joto la tambarare na kuanza kupanda kona za mlima, alieleza kwamba kwao jogoo akivuka mpaka wa shamba la jirani, jalada hufunguliwa kabla jogoo hajarudi. Sabrina, aliyezaliwa katika duka la baba yake kando ya barabara kuu, alimjibu kwamba angalau jogoo huwa ni jogoo. Hapa walikuwa wakishtakiana juu ya kiumbe ambacho hata jinsia yake haikuwa na uhakika.

Mwenyekiti Nathanaeli aliwapokea barazani kwake akiwa amevaa koti, ingawa hapakuwa na baridi ya kuhitaji koti. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kuhutubia hata anapoomba maji. Alimpa Kurwa mkono, akampita Sabrina, na alipoambiwa kwamba mkuu wa msafara ni yule mwanamke, alirudi akatoa mkono wa pili kwa uchovu.

"Karibu, binti," alisema.

"Mkaguzi Msaidizi," Sabrina alisema.

Mezani palikuwa na kielelezo: chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la mahindi na kulazwa juu ya kitambaa cheupe, utadhani inasubiri kubatizwa. Ndani mlikuwa na maji ya kahawia yenye vipande vya mizizi. Mwenyekiti alieleza kwamba aliikuta mwenyewe chini ya kitanda cha Beatha. Sabrina aliuliza ni nani aliyempa ruhusa ya kupekua chumba cha kulala cha mke wa mtu. Mwenyekiti alisema mwenye mke alikuwapo, tena ndiye aliyemmulikia tochi.

Mwenye mke alikuwa amesimama kwenye nguzo ya baraza. Asheri alikuwa mwanamume mrefu, mwenye mabega ya kubebea magogo na shingo iliyoshindwa kubeba kichwa. Alikubali kwa kuinamisha kichwa hicho zaidi.

Sabrina aliiinua chupa, akaigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa imejaa hadi shingoni.

"Mzee Nathanaeli, mbuzi walioharibika ni wa nyumba ngapi?"

"Karibu kila nyumba ya kikundi."

"Tangu lini?"

"Tangu uzao wa mwaka juzi."

"Basi ni dawa ya ajabu. Imeharibu mbuzi wa mlima mzima na chupa haijapungua."

Mwenyekiti alisema huenda zilikuwapo chupa nyingine. Sabrina alisema huenda, akafungua karatasi za maelezo. Aliuliza jinsi Beatha alivyowafikia mbuzi hao. Mwenyekiti alieleza, kwa kirefu, kwamba kikundi kilimpa Beatha kazi ya kupita nyumba hadi nyumba akigawa chumvi ya mifugo na kuwasaidia mbuzi wanaozaa, kwa kuwa hakuwa na watoto wa kumzuia nyumbani. Huruma hiyo, alisema, ndiyo iliyowaponza.

"Na kwako huwa anakuja?"

Kifua cha Mwenyekiti kilipanda ndani ya koti.

"Banda langu hajalikanyaga tangu nimlete beberu wetu wa pili. Mimi niliona mapema. Mwanamke asiye na uzazi haingii kwenye banda la mbuzi wenye mimba. Wengine walinicheka. Sasa watazame mbuzi zao, kisha watazame zangu."

"Chumvi je?"

"Nanunua yangu."

"Na maji? Pengine mnachangia birika."

"Nina bomba langu kutoka kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Nimelichimbia mwenyewe, halipiti kwa mtu."

Sabrina aliyaandika yote kwa utaratibu, akamsomea, akamwomba atie saini. Mwenyekiti alisaini kwa mkia mrefu uliokaribia kutoka nje ya karatasi.

Beatha alikuwa amefungiwa katika stoo ya kikundi, ameketi juu ya magunia ya pumba. Alikuwa mwanamke wa makamo ya miaka thelathini, mwenye kitenge kilichofungwa kwa nguvu kiunoni kama mtu anayekwenda kulima. Aliposikia kwamba chupa imefika mezani, alicheka bila furaha. Alisema ni yake. Aliinunua sokoni Same kwa ajili ya tumbo lake mwenyewe, akaionja mara moja, akaona ni chungu kuliko utasa wenyewe, akaisukuma chini ya kitanda.

"Wanasema unawageuza majike kuwa madume," Sabrina alimwambia.

"Ningekuwa na dawa hiyo, afande, ningeanza na mume wangu. Pengine angekuwa mwanamume."

Nje ya dirisha, Asheri aliyasikia. Sabrina hakuona sababu ya kumwonea huruma.

Sabrina aliamuru Beatha atolewe, kisha wakaanza kupita banda kwa banda, mtuhumiwa akiwa mbele, ili kila mtu aone kwamba polisi hawaogopi kutembea nyuma ya mwanamke tasa. Njia ilipita kati ya migomba na matuta ya mawe, na uani mwa nyumba nyingi tangawizi ilianikwa juu ya mikeka. Wanawake waliacha kugeuza tangawizi, wakatazama. Mmoja aliwavuta mbuzi wake ndani Beatha alipokaribia. Sabrina alimwomba awatoe tena.

Katika banda la kwanza alikagua macho, meno na kwato, kwa kuwa hakujua cha kukagua. Alimwona jike mmoja mwenye ndevu, aliyenuka kama beberu na kuwaparamia wenzake. Mwenye nyumba alimwonyesha bila kumgusa, kama anayeonyesha aibu ya jirani. Katika banda la pili na la tatu alikutana na wengine wa aina hiyo. Pale pale, wakila hori moja, walikuwapo majike wazima wenye viwele vilivyojaa. Alimuuliza kila mwenye nyumba kama wazima wale walikunywa maji mengine. Hakuna aliyewahi kujiuliza. Walikuwa na mkosaji tayari, na mtu mwenye mkosaji hahangaiki na maswali.

Nyumba ya mwisho kabla ya kurudi kwa Mwenyekiti ilikuwa ya Mama Raheli, mjane mzee aliyekaa mbele ya banda lake akipura maharage. Sabrina alimwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmechelewa. Nilidhani mngeanza kwangu, maana huku anakuja kila siku."

"Beatha?"

"Yeye. Anatia chumvi kwa mkono wake, anazalisha kwa mkono wake. Ingieni mwaone alivyoniharibia."

Kurwa aliingia kwanza, akatoka kwanza, akishika paja. Jike mkubwa mweusi alikuwa amempiga pembe, na sasa alisimama mlangoni kusubiri mwingine. Nyuma yake walikuwapo binti zake na wajukuu zake, wote wazima, wawili wakiwa na mimba. Hapakuwa na hata mmoja aliyeharibika.

Sabrina hakuingia. Alimtazama Kurwa, akasugua kidevu.

"Konstebo, leo umeingia mabanda yote. Wangapi wamekupiga?"

"Huyu tu, afande."

"Kwa nini wengine hawakukupiga?"

Kurwa alifikiri kwamba anadhihakiwa. "Hawana cha kupigia. Huyu ndiye wa kwanza kuona pembe tangu tufike."

Sabrina aliketi kwenye jiwe karibu na yule mzee, akauliza ni kwa nini kijiji kizima hakikuwa na mbuzi jike mwenye pembe isipokuwa yule. Mama Raheli alitema ganda la haragwe. Alieleza kwamba beberu wa kwanza wa kikundi, aliyenunuliwa kwa mfugaji Hamidu wa Kisiwani, hakuwa na pembe. Alipandisha majike wa kienyeji wenye pembe, na watoto wote walikuwa wazima, wengine na pembe, wengine bila. Nathanaeli akapenda wasio na pembe. Alisema ndio mbuzi wa kisomi. Hawavunji banda, hawamjeruhi mtu. Akaweka sheria: mwenye pembe hafugwi. Akaletwa beberu wa pili, naye hana pembe, majike wenye pembe wakachinjwa wote sikukuu iliyofuata, na beberu akapandisha mabinti wasio na pembe.

"Wewe hukuchinja."

"Nathanaeli si mume wangu. Na mtaalamu hakusema hivyo."

"Mtaalamu gani?"

Alikuwapo mtaalamu wa mifugo aliyepanda kufundisha siku beberu wa pili alipokabidhiwa. Alifundisha kwa Kiswahili, na kwa sababu wazee wengi hawakukielewa vizuri, Nathanaeli alisimama kando yake akitafsiri kwa Kichasu, lugha ya Wapare. Beatha alikuwa jikoni siku hiyo, akiwapikia wageni makande. Mama Raheli alikuwa amehudhuria madarasa ya watu wazima, akazielewa lugha zote mbili.

"Mtaalamu alisema: msikutanishe asiye na pembe na asiye na pembe, upande mmoja uwe na pembe daima, la sivyo mtapata majike wasiozaa. Akasema mara mbili. Nathanaeli akatafsiri: chagueni wasio na pembe. Basi."

Sabrina aliandika yote mawili, onyo na tafsiri yake.

"Mama, kwa nini hukuwaambia wenzako?"

"Walinicheka na mbuzi wangu wa kishenzi. Nikawaacha wajifunze."

"Na huyu?" Sabrina alimwonyesha Beatha, aliyesimama kando ya banda akimkuna jike mweusi katikati ya pembe. "Naye alikucheka?"

Mama Raheli aliinama juu ya maharage yake. Sabrina alimwagiza aje mkutanoni, akasimama, akaenda kulitafuta banda la Mwenyekiti.

Banda hilo lilikuwa la mbao zilizopigwa randa, na kweli bomba liliingia ndani bila kupita kwa mtu. Mwenyekiti aliwaonyesha majike yake kwa fimbo, mmoja mmoja, wote vichwa laini. Sabrina aliuliza habari za jike aliyezaa karibuni. Mwenyekiti alisema alizaa mtoto mmoja, akamwonyesha kitoto cheupe. Sabrina alikiinua mkia. Hakuhitaji daktari, kufikia hapo alikuwa ameona wengi. Alimwita Kurwa atazame na kuandika.

"Mzee, mtoto huyu ni jike?"

"Ni jike."

"Hebu tazama vizuri. Ni kama wale wa jirani zako."

Mwenyekiti hakutazama. Alianza kusema habari za upepo, kwamba uchawi hausubiri mlango. Kabla hajafika mbali, mlio mwembamba ulitoka jikoni, nyuma ya nyumba, na yule jike ndani ya banda akauitikia kwa nguvu, akagonga mbao.

"Anamwita nani?" Sabrina aliuliza.

Sabrina alikwenda jikoni, akamkuta mke wa Mwenyekiti akikilisha kitoto kingine cheupe kwa chupa. Kichwani kilikuwa na vipembe viwili vilivyoanza kuchomoza. Mama wa watu alieleza kwa aibu kwamba ni pacha wa yule wa bandani. Mumewe aliagiza kiondolewe kabla wanakikundi hawajakiona, lakini yeye hakuwa na moyo wa kuchinja kitu kilichokuwa kikikua vizuri vile. Sabrina alikigeuza. Kilikuwa jike mzima, asiye na kasoro yoyote.

Aliporudi uani akiwa amekibeba, simu ililia. Daktari Anold hakusalimu.

"Afande, majibu yametoka. Lakini kwanza niambie kitu kimoja. Hao mbuzi wana pembe?"

"Wazima wengine wanazo. Walioharibika, hakuna hata mmoja."

"Umeshafika, basi."

"Nimefika kwa miguu. Wewe nieleze sababu."

Daktari alieleza, na Sabrina aliweka simu kwenye sauti kubwa ili Mwenyekiti asije akasema hakutafsiriwa. Mbuzi asiye na pembe, alisema, amebeba kasoro katika kipande kimoja cha jeni. Akiirithi kwa mzazi mmoja tu, hakosi kitu ila pembe; jike huzaa kama kawaida. Lakini jike akiirithi kwa baba na kwa mama, kipande hicho hicho ndicho kinachopaswa kuiamsha jeni ya kujenga ovari, nayo haiamki. Dume hata akiirithi kwa wote wawili, kwa kawaida ana korodani zake na anatembea kifua mbele. Mwenye pembe hana kasoro hiyo kabisa, kwa hiyo hawezi kumpa mtoto wake. Dawa haimo katika habari hii. Aliyewapanga wazazi ndiye aliyewaharibu watoto.

Mkutano ulifanyika mahali pa kupokelea maziwa. Sabrina hakuhutubia. Alimsomea Mwenyekiti maelezo yake yenye saini, mbele ya kikundi kizima: kwamba Beatha hakulikanyaga banda lake, hakutia chumvi yake, hakugusa maji yake. Kisha akawaweka pacha wawili juu ya meza ya kupimia maziwa, karibu na chupa, akawaalika wote wapite na kutazama. Walipita polepole. Wanaume walirudi wakitazama viatu vyao.

"Tumbo moja," Sabrina alisema. "Maji mamoja, siku moja ya kuzaliwa. Mchawi gani anayechagua pacha kwa kupapasa kichwa?"

Baadaye alimtaka Mama Raheli arudie aliyoyasema mtaalamu, kwa Kiswahili na kwa Kichasu. Mzee aliyarudia kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake, na wazee wenzake walipoyasikia kwa lugha yao, manung'uniko yalianza nyuma, yakasogea mbele. Mwenyekiti alisimama. Alisema kwamba aliyaona yale ni maneno ya mtu asiyejua mbuzi.

"Pembe na uzazi, wapi na wapi?" aliuliza. "Mtu mwenye akili timamu angeamini vipi?"

"Hukuamini habari ya pembe, ukaamini habari ya chupa," Sabrina alimjibu. "Ulipoona mbuzi wa wenzako wanaharibika, ulikumbuka onyo lile. Ungekuwa hukulikumbuka, usingeniambia kwamba alizaliwa mmoja, wala usingeagiza hiki kizima chenye pembe kiondolewe kabla wenzako hawajakilinganisha na pacha wake. Kesho asubuhi uje kituoni utoe maelezo mengine, ya kutoa taarifa ya uongo kwa polisi. Koti si lazima."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia, kisha wengine wakamsaidia.

Sabrina alifunga jalada, akamkabidhi Beatha chupa yake. Hapo Asheri aliondoka kwenye nguzo nyingine aliyokuwa ameiegemea, akaja mbele ya mkewe. Alisema, kwa sauti ambayo watu wa nyuma hawakuisikia, kwamba yamekwisha, waende nyumbani.

Beatha aliimwaga dawa chini, taratibu, hadi mizizi ikabaki peke yake kwenye shingo ya chupa.

"Nyumbani nakwenda," alisema. "Nyumba ile nimesomba mawe yake. Lakini wewe huendi."

"Beatha."

"Mimi nilipimwa. Nilishuka Same peke yangu, nikakuambia nakwenda kuuza iriki. Walinipima kila kitu, wakasema sina kasoro, nimlete mwenzangu. Nilipokuomba, ulisema mwanamume hapimwi. Ukashika tochi wakanipekua." Alimwangalia bila kupepesa. "Nenda kapimwe. Ukirudi na majibu, yawe yoyote, nitakufungulia mlango. Sitakuuliza hata uliyemlaumu miaka yote hii alikuwa nani."

Alifunga kitenge chake upya, akashika njia ya migombani. Mama Raheli aliacha viti vyote, akamfuata kwa nyuma, bila kumkaribia sana. Wanawake waliokuwa njiani walimpisha.

Kikundi kizima kilibaki kikimtazama Asheri, na Sabrina, ambaye siku nzima hakuwa ameona kitu cha kumfanya amheshimu, alimtazama pia. Kisha akaona hayamhusu tena, akaelekea garini. Kurwa aliwasha injini. Gari liliyumba kidogo, mlango wa nyuma ukafunguka, na Asheri akapanda, akaketi kwenye benchi la chuma.

Kurwa aligeuka. "Kaka, hapo wanakaa watuhumiwa."

"Najua," Asheri alisema, akauvuta mlango mwenyewe.